Redio za kidijitali zisitujengee mipaka mipya

Mei 12, 2024 nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Mfanyabiashara wa mpakani anaijua hasara ya siku kama hiyo. Swali la bei halijibiwi, dereva aliyebeba vitunguu hapatikani kwa WhatsApp, na mteja wa ng'ambo anachoka kusubiri, ananunua kwa mwingine.

Wapo watu wachache katika nchi zetu ambao siku kama hiyo bado wangeweza kuzungumza na dunia. Hao ni wanaridhaa wa redio: raia wa kawaida waliopewa leseni na mamlaka za mawasiliano, kila mmoja na alama ya kituo chake. Ukisikia alama inayoanza na 5H, huyo yuko Tanzania. 5Z ni Kenya, 5X Uganda, 9X Rwanda, 9U Burundi, na 9Q Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwa betri ya gari na waya uliofungwa kati ya miti miwili, mawimbi yao mafupi hupanda angani, yakarudishwa ardhini na tabaka la juu la anga, yakafika maelfu ya kilomita. Hayapiti mnara wa simu wala waya wa baharini. Desemba 2004, tsunami ilipokata mawasiliano ya visiwa vya Andaman, wanaridhaa kutoka India waliokuwa Port Blair ndio waliopeleka habari za walionusurika kwa jamaa zao bara.

Tuseme wazi mapema: redio hizi si za biashara. Kanuni za kimataifa zinataka zitumike bila lengo la kujipatia fedha. Haziruhusiwi kuulizia bei ya mahindi Busia. Lakini mfanyabiashara anaguswa nazo kwa njia mbili. Kwanza, siku ya mafuriko au mtandao kukatika, ndizo zinazoweza kufikisha habari ya barabara iliyofungwa na mtu aliyekwama. Pili, redio zenyewe ni bidhaa, na bidhaa hiyo inabadilika haraka kuliko sheria zetu za mpakani.

Mabadiliko yenyewe ni makubwa. Zamani kila kazi ya redio ilihitaji saketi yake. Leo sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanywa na programu ya kompyuta, na kipokezi cha ukubwa wa flashi kinachochomekwa kwenye kompyuta kinampa kijana masafa ambayo babu yake angehitaji meza nzima ya mitambo kuyasikiliza. Mwaka 2017 Joe Taylor, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1993, pamoja na mwenzake Steve Franke, walitoa mfumo wa FT8. Huo hutuma ujumbe mfupi kwa zamu za sekunde 15, na kompyuta huusoma hata pale ambapo sikio la binadamu linasikia mvumo mtupu. Kwa mwanafunzi wa Kigoma mwenye redio ya nguvu ndogo, hilo limefungua mlango uliokuwa wa wenye mitambo ya gharama.

Tatizo liko kwenye redio za mkononi za kidijitali. Icom ya Japani inauza za mfumo wa D-STAR. Yaesu, nayo ya Japani, ina System Fusion. Nyingi zinazotoka China zinatumia DMR. Zote ni redio, zote zinabeba sauti ya mtu, lakini ya mfumo mmoja haielewi ya mwingine. Mtu wa Namanga akinunua moja na mwenzake wa Mutukula akanunua nyingine, watakuwa kama watu wawili waliokutana sokoni bila lugha moja. Kwa bahati nzuri, nyingi za redio hizo bado zina FM ya zamani. Hiyo ndiyo Kiswahili cha redio: kila mmoja ana lahaja yake nyumbani, lakini wakikutana wanaelewana.

Kuna mtego mwingine ambao muuzaji mwaminifu anapaswa kumweleza mteja. Redio nyingi za kidijitali zinasifiwa kwamba zinafika nchi yoyote. Ni kweli, lakini mara nyingi zinafika kwa kupitia intaneti: redio inazungumza na kifaa kidogo cha karibu, na kifaa hicho kinasafirisha sauti mtandaoni. Waya wa baharini ukikatika, redio hiyo inabaki na umbali wake wa kawaida. Anayenunua kwa ajili ya siku ya dharura na asiyeambiwa hivyo ameuziwa mwavuli unaofunguka jua likiwaka tu.

Mbadala upo. Mawimbi mafupi ni mmoja. Mwingine ni setilaiti ya Es'hail-2 ya Qatar, iliyorushwa Novemba 2018, yenye mtambo wa wanaridhaa unaojulikana kama QO-100. Imesimama juu ya ikweta mahali pamoja, na inaifunika Afrika Mashariki yote pamoja na nchi za Ghuba. Vilevile wapo mafundi wanaotengeneza mifumo iliyo wazi, kama Codec 2 ya David Rowe wa Australia, ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia na kuirekebisha bila kulipia siri ya kampuni.

Sasa tuje mpakani. Mamlaka za mawasiliano za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda kila moja ina utaratibu wake wa kuidhinisha aina ya kifaa kabla hakijauzwa. Cheti rahisi cha uasili, kinachomsaidia mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Redio ya China haimo. Tunawasihi wasomaji wetu wasibebe redio hizi kwenye mizigo ya nguo wakidhani ni sawa na simu. Redio bila kibali ni mzigo wa kunyang'anywa, na anayeuza masafa asiyoyajua anaweza kuvuruga mawasiliano ya ndege au polisi.

Lakini kumwonya mfanyabiashara peke yake si haki. Ulaya, tangu 1985, ina makubaliano yanayomruhusu mwanaridhaa wa nchi moja kurusha matangazo akiwa ziarani nchi nyingine kwa leseni ya kwao, na nchi za nje kama Marekani na Kanada zimejiunga. Sisi tulionyesha mwaka 2014 kwamba tunaweza, Kenya, Uganda na Rwanda zilipopunguza gharama za kupiga simu ukiwa nchi jirani.

Tunatoa rai kwa mamlaka zetu, kupitia shirika la mawasiliano la Afrika Mashariki, EACO, lenye makao Kigali. Kifaa kilichokwisha kuidhinishwa katika nchi moja mwanachama kisianze upya foleni katika nchi ya pili. Leseni ya mwanaridhaa itambuliwe Jumuiya nzima. Orodha ya redio zilizoidhinishwa ibandikwe kwenye vituo vya pamoja vya mpakani, kwa Kiswahili, ili afisa wa forodha na mwenye mzigo wasome karatasi moja. Na wanaojiandaa kwa maafa wakubaliane juu ya mfumo mmoja ulio wazi, huku FM ikibaki ndani ya kila redio.

Wapo watakaosema sauti ya kidijitali inaweza kuficha maovu. Hofu hiyo tunaielewa. Ndiyo maana kanuni za kimataifa zinawakataza wanaridhaa kuficha maana ya mazungumzo yao wanapowasiliana na nchi nyingine. Anayesimamiwa kwa leseni anajulikana jina na mahali alipo. Anayesukumwa kwenye njia za panya hajulikani.

Teknolojia hii inaingia, tukiipangia au tusipoipangia. Tumetumia miaka mingi kuondoa vizuizi barabarani kati ya miji yetu. Itakuwa aibu tukiviacha viote tena hewani, mahali ambapo Mungu hakuweka mpaka wowote.