Kabla ya kununua kitabu kingine cha kompyuta

Swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi na vijana wanaoanza kazi hii ya kuandika programu ni hili: "Ninunue kitabu gani?" Nalipenda swali hili kwa sababu anayeuliza huwa ana pesa kidogo mfukoni na anataka zimfae. Kitabu kipya cha kompyuta kutoka ng'ambo, ukijumlisha na gharama ya kukisafirisha hadi Nairobi, kinaweza kukaribia kodi ya mwezi mzima ya mtu anayeishi chumba kimoja. Kwa hiyo nitajibu kwa urefu, na najua wengine hawatalipenda jibu lenyewe.

Jibu langu: usinunue kitabu chenye nambari ya toleo kwenye jalada.

Nenda katikati ya jiji wanakouza vitabu vya mitumba kando ya barabara, pale tunapopaita "inama" kwa sababu huwezi kuchagua bila kuinama. Tafuta rundo la vitabu vya kompyuta. Utakuta Visual Basic 6, Windows 98, Flash, vyote vinene kama tofali. Kila kimoja kilinunuliwa na mtu kwa pesa za jasho lake. Havikuwa vitabu vibaya, ila vilikuwa kama mkate, vitamu siku vilipotoka. Adobe waliacha kuihudumia Flash mwisho wa 2020 na vitabu vyake vyote vikafa siku moja. Isitoshe, yaliyomo katika vitabu vya aina hiyo siku hizi yako bure kwenye nyaraka za wenye lugha husika, na programu za akili mnemba zitakuandikia mistari hiyo kabla chai yako haijapoa.

Kuna wenzangu wanaofika hapo na kuhitimisha kwamba basi vitabu vyote vya kazi yetu ni kupoteza pesa. Hapo ndipo tunapoachana. Lugha za programu hubadilika, lakini wanaoziandika ni watu wale wale. Wanakadiria muda vibaya, wanaogopa mkubwa wao, wanasahau kwamba atakayetumia mfumo hakuwa kwenye mkutano wao. Vitabu vinavyoshika mambo hayo vimedumu miaka 40 na 50, na ndivyo ninavyovipendekeza.

Cha kwanza kabisa ni The Mythical Man-Month cha Frederick Brooks, kilichotoka 1975. Brooks aliongoza kazi ya kutengeneza OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta kubwa za IBM, miaka ya 1960. Kazi ilichelewa na kumeza pesa kuliko ilivyopangwa, naye akakaa chini akaandika kwa nini. Wazo lake linalojulikana hata na wasiowahi kukifungua kitabu ni kwamba ukiongeza watu kwenye kazi ya programu iliyochelewa, utaichelewesha zaidi. Watu hulicheka kama kitendawili, lakini hesabu yake ni nyepesi. Watu 5 wanaohitaji kuelewana wote kwa wote wana njia 10 za mazungumzo kati yao. Watu 10 wana njia 45. Watu 20 wana 190. Tena wale wageni hawaujui mfumo, lazima mtu awafundishe, na wa kuwafundisha ni yule yule aliyekuwa akiifanya kazi. Shamba la mahindi ukiliongezea vibarua linavunwa mapema, kwa kuwa kila mmoja ana mstari wake na hana haja ya kumwuliza jirani kitu. Nenda kamweleze hivyo meneja ambaye amekwisha kuwaahidi wateja tarehe.

Sehemu ninayoipenda zaidi katika kitabu hicho ni fupi, nayo ni mgao wa muda. Brooks anatenga theluthi moja ya kupanga, sehemu moja kwa sita ya kuandika msimbo, robo ya kujaribu vipande kimoja kimoja, na robo ya kujaribu mfumo mzima. Yaani majaribio ni nusu ya kazi yote. Sasa tazama ile ratiba iliyobandikwa ukutani ofisini kwenu uone majaribio yamepewa siku ngapi. Kwingi nilikopita yalipewa Ijumaa.

Kina kurasa zilizochakaa, kwa mfano zile za makarani wa kutunza faili na za kugawana muda wa kutumia mashine. Ziruke. Ila tafuta chapa ya 1995 (ndiyo, najua nilivyosema kuhusu matoleo) kwa sababu aliongeza sura mpya, na humo anakiri waziwazi kwamba David Parnas ndiye aliyekuwa sahihi kuhusu kuficha undani wa kila kipande cha programu, na kwamba yeye Brooks alikuwa amekosea. Mtu anayerudi baada ya miaka 20 na kuandika hivyo kitabuni mwake mwenyewe, mimi humwamini kwa yaliyobaki. Alifariki 2022.

Kwa upande wa ufundi wenyewe nina kitabu kimoja tu, nacho kinavunja kanuni yangu mchana kweupe. The C Programming Language cha Brian Kernighan na Dennis Ritchie, chapa ya pili ya 1988, kina maandishi mekundu ya ANSI C juu ya jalada kama muhuri wa posta. Hata hivyo kinunue. Kina kurasa zisizofika 300, na hakuna sentensi humo iliyowekwa ili kujaza nafasi. Fanya mazoezi yake, usisome tu. Hata kama hutaandika C maisha yako yote, utajua kinachotokea chini ya lugha unayoitumia, na utajifunza jinsi ya kumweleza mtu jambo gumu bila kumringia.

(Mtu ataniuliza kuhusu Knuth. Juzuu za The Art of Computer Programming zilianza kutoka 1968 na bado mzee hajamaliza. Ni kazi ya kuheshimiwa sana. Pia ni kazi ambayo nimeiona ikishikilia skrini za kompyuta katika ofisi nyingi kuliko nilivyoiona ikisomwa. Kama huna pesa kabisa na unataka kitabu cha kukutoa jasho, kiko Structure and Interpretation of Computer Programs cha Abelson na Sussman, ambacho kinasomwa bure mtandaoni kwa idhini ya wachapishaji.)

The Design of Everyday Things cha Donald Norman kilitoka 1988 kikiwa na jina jingine kidogo, na kikafanyiwa marekebisho 2013. Kinazungumzia milango, majiko na swichi za taa. Hoja yake ni kwamba mlango unaohitaji kuandikwa "vuta" ulitengenezwa vibaya, na mtu anayeusukuma hana kosa. Mkenya yeyote anaelewa jambo hili kuliko Norman mwenyewe. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 ukikosea tarakimu moja ya nambari ya simu, pesa zilikwenda kwa mtu usiyemjua, na jirani zako walikuambia ungekuwa makini. Baadaye wateja wakaanza kuonyeshwa jina la mpokeaji kabla pesa hazijaondoka. Watu hawakuwa makini zaidi kuliko jana yake. Kilichobadilika ni skrini. Kila ninaposikia mwandishi wa programu akisema "watumiaji wetu ni wajinga", natamani nimtupie kitabu hiki, na nakala yangu ni ya jalada gumu.

The Soul of a New Machine cha Tracy Kidder, 1981, kilipata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Ni hadithi ya kweli ya wahandisi wa kampuni ya Data General huko Marekani, wengi wao vijana waliotoka chuoni juzi, waliojenga kompyuta mpya kwa kasi ya ajabu chini ya Tom West. Wengi hukisoma kama utenzi wa mashujaa wasiolala. Mimi hukisoma kama onyo. Kuna mmoja wao aliyechoshwa na kupima muda kwa vipande vidogo vidogo vya sekunde, akaacha barua mezani kwamba anakwenda kuishi katika jumuiya huko Vermont na hatajishughulisha tena na kipimo chochote cha muda kilicho kifupi kuliko msimu. Data General yenyewe ilinunuliwa na EMC 1999. Kijana, kabla ya kuwapa usiku wako wote watu walioajiri juzi, soma hiki.

Sasa nifike kwa kitabu ambacho hukitaja na watu hudhani natania. Ni Kusadikika cha Shaaban Robert, 1951.

Hapa kwetu Kenya kitabu cha Kiswahili kimekuwa kitu cha mtihani. Mtu alisoma Kidagaa Kimemwozea ili ajibu maswali ya KCSE, akapata alama yake, kisha kitabu kikauzwa au kikafungiwa maandazi. Waandishi wa programu ndio wabaya zaidi, maana tumejiaminisha kwamba chochote chenye manufaa kwa kazi yetu kiliandikwa kwa Kiingereza huko California. Kusadikika ni kitabu chembamba, utakimaliza Jumapili moja, na sijasoma kingine kinachoeleza vizuri hivyo kwa nini mifumo ya ofisi zetu huanguka.

Kusadikika ni nchi iliyo angani. Karama ameshtakiwa kwa kosa la kufundisha watu uanasheria, na anayemshtaki ni waziri aitwaye Majivuno. Katika kujitetea, Karama hajizungumzii sana. Anawakumbusha wakubwa habari za wajumbe sita ambao nchi hiyo iliwatuma nje mmoja mmoja, huyu upande huu na yule upande ule. Kila mjumbe alipata taabu njiani, akaona mambo mazuri, akarudi na ripoti ya jinsi nchi yake inavyoweza kufaidika. Na kila mmoja, alipomaliza kusema, akatiwa gerezani. Serikali iliyowatuma ndiyo iliyowafunga.

Niliwahi kufanya kazi katika kampuni moja ambayo sitaitaja. Tulikuwa tukitengeneza mfumo wa kupokea malipo ya wateja. Mwenzetu mmoja, mpole sana, aliombwa aukague kabla haujazinduliwa. Aliukagua. Akaandika barua pepe ndefu akionyesha, kwa mifano, kwamba malipo yakija kwa wingi mwisho wa mwezi baadhi yataingia mara mbili. Mkutano uliofuata haukugusa mifano yake hata mmoja. Ulijadili "mtazamo" wake. Tukaambiwa kuna watu wanaopenda kurudisha timu nyuma. Wiki mbili baadaye alihamishiwa dawati la kupokea simu za wateja. Mfumo ulizinduliwa kwa keki. Mwisho wa mwezi ukafika, wateja wakakatwa mara mbili, wakapiga simu, na aliyezipokea akaomba radhi kwa niaba ya kampuni alikuwa yeye. Aliondoka kabla mwaka haujaisha, na tangu hapo sikuona barua pepe nyingine ndefu katika ofisi ile. Mikutano ikawa mifupi na yenye furaha, na hitilafu tukawa tunazisikia kutoka kwa wateja.

Brooks angeieleza ratiba ya kampuni ile vizuri kabisa. Lakini Brooks anachukulia kwamba ukimletea mkubwa hesabu sahihi atazipima. Shaaban Robert, aliyefanya kazi ya ukarani miaka mingi chini ya serikali ya kikoloni, alijua kwamba mara nyingi hesabu hazifunguliwi, anapimwa aliyezileta. Tena ameonyesha kitu ambacho sijakiona katika vitabu vya uongozi wa miradi, kwamba wakubwa wa Kusadikika hawakukosa habari. Walikuwa na ripoti sita. Kampuni yetu nayo haikuhitaji chombo kipya cha kufuatilia hitilafu (walikinunua, kwa dola). Habari zilikuwa zimeandikwa na kutumwa kwa watu kumi na mmoja.

Kwa hiyo ukiwa kiongozi wa timu, hata ya watu watatu, nakuomba ukisome hicho kwanza kabla ya vingine vyote, kisha ujiulize mjumbe wako wa mwisho yuko wapi sasa. Wale wanaonijibu kwamba hiki ni fasihi na kazi yetu ni sayansi, sawa, lakini watafute kwenye vitabu vyao vya sayansi sura inayoeleza kwa nini mtu mwenye jibu sahihi hunyamaza mkutanoni. Na mwisho wa kesi, kama hukumbuki tangu ulipokisoma shuleni, Karama aliachiliwa, na wale wajumbe wakatolewa gerezani. Kwetu hakuna aliyempigia simu mwenzetu.

Lugha yake ni ya zamani na ina maneno yatakayokupeleka kwenye kamusi. Nenda. Kinapatikana katika maduka ya vitabu na bei yake haikaribii hata kidogo vile vya ng'ambo. Vya Norman na Kidder mimi nilivipata inama, kimoja kikiwa hakina ukurasa wa mwisho wa faharasa, na sijauhitaji bado. Cha Kernighan na Ritchie nunua kipya, maana utakifungua mpaka kiachane na uti wake. Kuhusu Brooks, nakala yangu iko kwa mtu aliyeniambia ataisoma wikendi moja tu, na wikendi hiyo sasa ina miaka mitatu. Anajijua. Airudishe, kuna foleni.