Muziki wa motokari na masikio ya mchimbaji

Leo tuzungumze juu ya muziki ndani ya motokari. Hapa Bunia mtu akipata Corolla ya zamani, mara nyingi kitu cha kwanza anachotengeneza si breki. Ni spika. Hatumkatazi. Spika za zamani ni za karatasi, na karatasi iliyokula vumbi jekundu na unyevu miaka 20 inapasuka na kukoroma. Zibadilishwe. Lakini sisi tunasema: tafuta sauti safi, usitafute sauti kubwa.

Sababu ni masikio. Mtu aliyeshinda karibu na kompresa, mashine ya kutoboa mwamba au kinu cha kusaga mawe, anatoka kazini masikio yamechoka. Anafungua redio, anaona sauti ni ndogo, anaongeza. Jaribu hivi: jioni ukifika nyumbani, zima motokari bila kugusa kitufe cha sauti. Asubuhi, kabla ya kazi, washa. Kama muziki unakushtua, ujue jana masikio yalizibwa na kelele. Yakizibwa kila siku, mwisho hayazibuki tena. Ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo vinavyopokea sauti. Vikifa havioti tena.

Wataalamu wengi wanahesabu desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu. Kwa desibeli 100 ni dakika 15 tu. Aliyemaliza fungu lake mgodini hana akiba ya kutumia njiani. Na watoto wanaokaa nyuma, spika ziko kwenye ubao karibu na vichwa vyao, je, nani aliwauliza? Tena, katika vumbi la barabara ya Mongbwalu, honi ya lori ndiyo inayokuambia kwamba kuna mtu nyuma yako. Inafaa uisikie.

Basi fundi abadilishe kwanza spika mbili za mbele. Aangalie omu zilingane na redio, mara nyingi ni 4. Kama ziko mlangoni, azikaze sana na kuziba matundu yaliyozizunguka. Utasikia gitaa la Franco na habari za Radio Okapi vizuri bila kuongeza nguvu. Kwa wengi wetu hiyo inatosha.

Ukishikilia kuweka amplifaya, usidanganywe na wati 1000 zilizoandikwa kwenye boksi. Amplifaya inayotoa wati 200 za kweli inavuta zaidi ya ampea 20 kutoka batri ya volti 12. Waya mwembamba wa redio utapata moto na ngozi yake itayeyuka. Weka waya mnene. Pale unapopita kwenye tundu la bati, weka mpira, kwa maana njia zetu zinatikisa na bati linakata kama kisu. Fyuzi iwe karibu na batri, isipite nusu mita. Mafundi wengine wanaiweka kule kwenye amplifaya peke yake. Hapo inalinda amplifaya, lakini waya wote uliotoka kwenye batri unabaki bila ulinzi, nao unapita karibu na mafuta na chini ya miguu yako. Fyuzi ikikatika, tafuteni sababu kwanza, halafu wekeni nyingine ya ampea zile zile. Karatasi ya sigara na kipande cha msumari si fyuzi.