Saa Tatu za Soda Tupu

Kadi ya mwaliko husema saa kumi na mbili jioni. Wageni wastaarabu hufika saa moja, maharusi bado wako kwa mpiga picha, na bufee haitafunguliwa mpaka saa nne usiku. Katikati hapo hutawala kamati ya vinywaji: soda kwa kreti, bia kwa wanaotumia, maji ya chupa, na juu ya kila meza kisahani cha karanga au bisi ambacho watu wanane hukimaliza kabla mshereheshaji hajajaribu kipaza sauti. Ndivyo zilivyo sherehe nyingi za Ngara, Rulenge, Biharamulo na Nyakanazi. Ndivyo zilivyo Mwanza na Dar es Salaam pia, lakini wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, zina sababu chache zaidi za kujitetea, maana chakula cha kujaza saa hizo kimezizunguka.

Hasara huanzia tumboni. Pombe isiyokuta chakula hupita upesi kwenda kwenye utumbo mwembamba, na huko ndiko inakofyonzwa kwa kasi. Mjomba aliyepewa bia mbili kabla ya maharusi kuingia huwa ameshachangamka kupita kiasi zamu yake ya kutoa nasaha inapofika. Watoto nao hulala kwenye viti wakiwa wameshiba sukari, na bibi aliyetoka kijijini kwa bodaboda hukaa akitazama mlango wa jikoni.

Pwani walilimaliza jambo hili zamani. Kwenye ndoa za Zanzibar na Mombasa, watu wakishatoka kufungisha nikahi, hupitishiwa kahawa chungu kwa vikombe vidogo pamoja na halua, na mara nyingi sambusa au katlesi. Mgeni hula kwa mkono mmoja huku akiendelea kuzungumza. Hata makasri ya wafalme hufuata kanuni hiyohiyo. Tarehe 29 Aprili 2011, Prince William alipomwoa Kate Middleton, wageni wapatao 650 walipokewa Buckingham Palace kwa vitafunwa vya kipande kimoja kimoja vipatavyo 10,000, vilivyoandaliwa na mpishi mkuu Mark Flanagan na wenzake. Walipewa kaa wa Cornwall, samaki wa kukaushwa kwa moshi, mayai ya kware na vipande vya nyama ya ng'ombe. Jiko la kifalme, lenye uwezo wa kuagiza chochote popote duniani, liliweka mbele vya kwao.

Vya Ngara na Biharamulo havihitaji kutafutwa mbali. Ndizi mzuzu huchomwa, hukatwa vipande vinne, na kila kipande huchomekwa kijiti pamoja na nyama ya mbuzi: huo ni mshikaki ambao mtu humaliza kwa mara mbili. Matobolwa ya Wasukuma, ambao ni wengi Biharamulo, ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa. Yakilainishwa kidogo na kuliwa na karanga za kukaanga, ni kitafunwa kitamu chenye asili inayojulikana. Njugumawe za kuchemsha na chumvi zinatosha zenyewe. Sangara na sato hufika Biharamulo kutoka Chato, iliyokuwa sehemu ya wilaya hii hadi ilipogawanywa mwaka 2005. Minofu ikikatwa vipande vidogo, ikakaangwa na kubanwa ndimu, hakuna atakayeuliza habari za bisi.

Halafu kuna senene, wadudu wa jamii ya panzi. Sifa wanazo Bukoba na Muleba, lakini senene wanaliwa mkoa mzima, na msimu wao mkubwa huangukia Novemba na Desemba, wakati ambao harusi nazo hushamiri. Senene mkavu ana protini zaidi ya theluthi moja ya uzito wake, na mafuta karibu nusu. Wapo watakaosema kwamba wageni kutoka mikoa mingine watashtuka. Washtuke kidogo, si vibaya, mradi sahani iwe na kikaratasi cha kueleza kilichomo, kwa kuwa mwenye mzio wa kamba anaweza kudhurika kwa senene pia. Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya uliruhusu nzige wauzwe kama chakula cha binadamu. Itakuwa ajabu senene waonewe haya nyumbani kwao.

Ndafu inatoa ushahidi mwingine kwamba chakula cha nyumbani si cha kuonewa haya. Mbuzi yule mzima wa kuchoma ni mila ya Wachaga wa Kilimanjaro, na leo hukatwa kwenye kumbi za nchi nzima, hata pale ambapo hakuna Mchaga mezani. Kilichoanza kwa jamii moja kimekuwa heshima ya harusi ya Kitanzania. Kagera haijaweka chake kwenye meza hiyo, ingawa Wahaya wana desturi ya kumkaribisha mgeni kwa kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na majani yenye harufu kisha ikakaushwa.

Kwenye glasi pia pana kazi. Ng'ambo ya daraja la Rusumo, Wanyarwanda huwapa wasiokunywa pombe umutobe, yaani maji ya ndizi mbivu zilizokamuliwa. Ndizi hizo hizo, juisi yake ikichanganywa na unga wa mtama wa kukaanga na kuachwa ichachuke, hutoa pombe ya ndizi. Mkungu mmoja basi unaweza kumhudumia mlokole, Mwislamu na mnywaji, kila mmoja kwa glasi yake. Sharti ni kwamba juisi inyweke siku hiyohiyo, kwani haichelewi kuchachuka.

Kamati huogopa mambo mawili. La kwanza ni kwamba wageni watashiba bufee ikingali imefunikwa. Vipande sita kwa mgeni havishibishi mtu, na kwa wageni 200 hiyo ni vipande 1,200, kazi ambayo kikundi cha mama lishe watano au sita kinaiweza. Pilau ya saa nne ikipunguzwa kidogo, fedha inarudi. La pili ni usalama, na hofu hiyo ina msingi. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisiachwe kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na kile cha moto kibaki juu ya nyuzi 60. Dawa ni majiko ya mkaa nyuma ya ukumbi na vitafunwa vinavyotoka kwa awamu ndogo ndogo, badala ya masinia yaliyojazwa tangu saa kumi. Majani ya mgomba yaliyopitishwa juu ya moto yakalainika hufaa kuwa sahani, na hayaachi taka za plastiki.

Kinachotakiwa ni ratiba. Matobolwa yaagizwe viazi vinapovunwa, senene wanunuliwe msimu wao ukianza, ndizi za kukamua zivundikwe siku kadhaa kabla ya sherehe. Na mstari wa vitafunwa uandikwe kwenye bajeti katika kikao cha kwanza, michango ikiwa bado haijaahidiwa kwa mpambaji wa ukumbi.