Alama ya biashara ina miaka 10, na hesabu ya Kinshasa haisimami kwa ajili ya vita vya Kivu

Mfanyabiashara wa Goma au wa Bukavu aliyeandikisha alama ya bidhaa zake Kinshasa mwaka 2015 alipewa miaka 10, si zaidi. Sheria namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982, inayosimamia mali ya viwandani katika RDC, inahesabu muda huo tangu siku dosie ilipowekwa wizarani, hata kama cheti kilitoka miezi mingi baadaye. Alama iliyowekwa Februari 2015 ilifika mwisho wake Februari 2025. Na kila mkaaji wa Kivu anajua Februari 2025 ilikuwa nini. AFC/M23 ilikuwa imeingia Goma mwishoni mwa Januari, Bukavu ikafuata katikati ya Februari, benki zikafunga milango, uwanja wa ndege wa Goma ukanyamaza. Katika wiki zile watu walizika maiti na kutafuta unga. Nani angekumbuka karatasi ya etiketi ya sabuni?

Sheria, yenyewe, haikusahau. Ndiyo shida ya mali ya aina hii: haihitaji mwizi wala moto ili ipotee. Muda unaisha, mwenyewe hajasema kitu, basi imekufa. Nyumba isiyolipiwa kodi inabaki imesimama kwenye parsele yake na majirani wanajua ni ya nani. Alama ambayo muda wake umeisha inabaki kwenye katoni na kwenye kibao cha depo, wateja wanaendelea kuiita kwa jina, mwenyewe anaendelea kuamini ni yake. Kumbe kwenye daftari la Kinshasa nafasi iko wazi.

Wengi wanafikiri jambo hili haliwagusi kwa sababu wana RCCM. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Kongo iliingia OHADA Septemba 2012, na katika miaka iliyofuata wafanyabiashara wengi wa mashariki walipita kwenye Guichet Unique, wakatoka na namba ya RCCM, namba ya kitambulisho cha taifa na namba ya kodi. Karatasi hizo zinasema kampuni ipo, mkubwa wake ni nani na inalipa kodi wapi. Hazisemi kwamba jina lililoandikwa kwenye chupa ya maji au kwenye mfuko wa kahawa ni la mtu huyo peke yake. Kwa hilo kuna mlango mwingine, wa wizara ya Viwanda, idara ya mali ya viwandani, na daftari lingine kabisa. Mtu anaweza kuwa na RCCM safi na kushindwa kesi ya jina lake mwenyewe.

Ichukuliwe mfano wa mtengenezaji sabuni. Ametumia miaka 10 kulijenga jina, ameweka makuta kwenye matangazo ya redio, wauzaji wa Virunga na wa Birere wanalitaja bila kuangalia katoni. Muda wa alama unaisha bila yeye kujua. Mtu mwingine, pengine msambazaji wake wa zamani anayejua kila kitu cha biashara hiyo, anapeleka dosie Kinshasa kwa jina lile lile, kwenye kundi la 3, ambalo kwa mpangilio wa kimataifa ndilo la sabuni. Katika nchi ambayo haki ya alama inatokana na kuandikisha, huyo wa pili anaanza kuwa wa kwanza. Yule aliyeijenga anaweza kwenda mahakamani kulalamika kwamba jirani alifanya kwa nia mbaya, na pengine atashinda, lakini atakuwa amelipa avoka, safari na miaka ili arudishiwe kitu ambacho kingebaki kwake kwa fomu moja na taksi moja.

Hata bila adui wa namna hiyo, bidhaa bandia zinatosha. Siku katoni za kuiga zinapokamatwa, swali la kwanza la avoka, la polisi na la douane ni moja: cheti kiko wapi, na kinaishia lini? Mwenye cheti kilichokufa hana la kujibu.

Makampuni makubwa hayachezi na tarehe hizi. Disney iliomba maneno "Hakuna Matata" yawe alama yake Marekani mwaka 1994, mwaka ambao filamu ya The Lion King ilitoka, ikaandikishwa mwaka 2003 kwa ajili ya fulana. Mwaka 2018 watu zaidi ya 100,000 walitia sahihi kupinga, wakisema lugha ya watu haiwezi kuwa mali ya kampuni. Hasira ilikuwa na haki yake. Lakini kuna jambo dogo ambalo kelele zilifunika. Marekani nako cheti kina miaka 10, kwa hiyo ili alama hiyo iwe hai mwaka 2018, ilibidi ifanywe upya ilipotimiza miaka 10. Kuna mtu ofisini aliyekumbuka. Maneno mawili ambayo kila mama wa soko la Kadutu anayasema bure yana mlinzi wa tarehe kuliko majina mengi ya viwanda vya Kivu.

Kusahau kwenyewe kuna sababu zake, na si uvivu tu. Biashara nyingi za huku ni za familia. Alama iliwekwa kwa jina la baba. Baba amekufa, watoto wanaendesha kiwanda, hakuna aliyepeleka Kinshasa karatasi za urithi. Siku ya kufanya upya, anayeomba si yule aliye kwenye daftari. Pengine iliwekwa kwa jina la mshirika ambaye sasa yuko Kampala au Bujumbura na simu yake haipatikani. Pengine cheti kiliungua pamoja na nyumba wakati lava ya Nyiragongo iliposhuka tarehe 22 Mei 2021, na hakuna aliyepiga hata picha ya namba. Kuna pia anayebadilisha etiketi polepole, rangi mpya, mnyama mpya, herufi mpya, kisha anataka kufanya upya kitu ambacho hakifanani tena na kile alichoandikisha. Kufanya upya kunarefusha maisha ya alama ile ile. Alama iliyogeuka sura inataka dosie mpya.

Halafu kuna mpaka. Cheti cha Kinshasa kinaishia Petite Barrière. Kongo imekuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2022, bidhaa za Goma zinavuka kila siku kwenda Gisenyi na zile za Bukavu zinavuka Ruzizi, lakini alama hazivuki pamoja nazo. Kongo haimo ndani ya OAPI, ambamo Brazzaville imo, wala ndani ya ARIPO, ambamo Kigali na Kampala zimo. Mwenye kuuza nchi mbili ana tarehe mbili za kukumbuka, na mara nyingi hakumbuki hata moja.

Yote hayo ni mzigo wa mfanyabiashara, na haki ni aubebe mwenyewe. Lakini kilichotokea mwaka 2025 ni kitu kingine. Taksi za serikali za aina hii hazilipwi mkononi. Zinapita DGRAD, kwa noti ya kulipia, kisha benki. Serikali inayojua kwamba raia wake wa Goma hawana benki haiwezi kuwahesabia siku za kuchelewa kana kwamba walilala. Mkataba wa Paris, ambao Kongo imo tangu mwaka 1975, unataka kila nchi iwape wenye haki hizi angalau miezi 6 ya nyongeza ya kulipa, hata ikibidi kwa faini. Miezi 6 inamtosha aliyesahau. Haimtoshi aliyefungiwa barabara.

Nchi nyingine zimepitia hapo. Urusi ilipoishambulia Ukraine Februari 2022, bunge la Kyiv lilipitisha sheria iliyoanza kutumika Aprili mwaka huo huo: muda wa kufanya upya alama, hataza na haki nyingine za aina hiyo ukasimamishwa kwa ajili ya vita, na zile zilizokuwa zifikie mwisho zikabaki hai. Nchi yenye mizinga mjini ilipata nafasi ya kufikiria etiketi za viwanda vyake. Hata wakati wa Covid-19, ofisi ya alama ya Umoja wa Ulaya ilisogeza mbele tarehe zake zilizoangukia kati ya Machi na Mei 2020, na huko hakuna daraja lililokatika.

Wizara ya Viwanda mjini Kinshasa inaweza kufanya vivyo hivyo, na kazi si kubwa. Amri moja ya waziri iseme kwamba alama zote za wenye makao Kivu Kaskazini na Kivu Kusini ambazo muda wake uliisha tangu Januari 2025 zinabaki hai mpaka benki zifunguliwe na miezi fulani ipite. Iseme pia kwamba hakuna mtu atakayepewa jina hilo hilo kwa bidhaa hizo hizo katika kipindi hicho. Bunge likiona jambo hilo linahitaji sheria kamili, basi wabunge wa Kabare na Walungu wana kazi yenye faida kuliko maazimio mengi. Na kwa maeneo ambayo serikali inafanya kazi, kama Beni, ambako uongozi wa jimbo la Kivu Kaskazini umehamia, dosie ipokelewe pale pale na risiti yenye tarehe itolewe siku ile ile. Mtu wa Butembo hana sababu ya kukata tiketi ya ndege ili agongewe muhuri.

Kuna watakaosema huu si wakati wake, kwamba kuna wahamiwa kambini na watu wanaokufa. Ni kweli wapo. Lakini hao wahamiwa watarudi, na watatafuta kazi kwa nani? Kiwanda kidogo cha maji kinachoajiri watu 15 kikipoteza jina, kinapoteza wateja kwanza, wafanyakazi baadaye. Vita vimekwisha kuchukua magari, mashine na akiba. Kuongeza jina juu yake ni ukatili usio na sababu, maana huo haufanywi na mtu mwenye bunduki, unafanywa na kalenda ya ofisi.

Fromaji ya Masisi inaonyesha hasara nyingine. Inaliwa Goma, inajulikana mpaka Kinshasa, na jina lake limejengwa na wafugaji kwa miongo. Ethiopia, kwa kahawa zake za Sidamo, Harrar na Yirgacheffe, ilipeleka maombi Marekani mwaka 2005 na ikabishana na Starbucks mpaka wakaelewana mwaka 2007. Wafugaji wa Masisi wangeweza kuwa na alama yao ya pamoja. Tatizo litakuwa lile lile baada ya miaka 10: kamati imebadilika mara tatu, rais wa kwanza wa koperative amehama, nani anashika tarehe? Koperative inayotaka alama iandike kwenye kanuni zake nani ana wajibu wa kuifanya upya, na pesa zake zitoke mfuko gani.

Wakati wizara inafikiri, mwenye alama ana ya kufanya. Atafute tarehe ya kuweka dosie, si ya cheti. Kama karatasi zimeungua au zimeibwa, avoka aliyeko Kinshasa anaweza kuomba nakala kwenye daftari, kwa barua ya mamlaka ambayo siku hizi inatumwa kwa simu kwanza, asili ikifuata kwa njia yoyote iliyobaki. Malipo yanaweza kupita kwa M-Pesa au Airtel Money hadi kwa huyo avoka, ambaye atalipa benki. Ajihadhari na barua zenye nembo za kuvutia zinazodai malipo ya kufanya upya kutoka ng'ambo; utapeli huo unazunguka dunia nzima, na ofisi ya WIPO imekuwa ikiuonya kila mara. Na aliyekwisha kuchelewa alipe na kuweka ombi hata hivyo, akiambatanisha ushahidi wa kwamba benki zilifungwa.

Walioandikisha mwaka 2016 zamu yao inafika 2026.