Kata waya ufae betri, usihatarishe roho

Msomaji wangu, bila shaka umewahi kuiona ile foamu nyeupe ngumu ambayo televisheni mpya hufungiwa ndani ya katoni. Mpambaji wa arusi huichonga herufi za majina ya maarusi, mwalimu huitengenezea ramani ya darasani, naye mfugaji wa kuku huiundia sanduku la kuangulia mayai. Taabu ni kuikata. Ukitumia kisu, punje zake hutapakaa kama mchele uliomwagika, na ukingo hubaki umemeguka. Dawa yake ni waya mwembamba uliopashwa moto, ambao hupita ndani yake kama kisu kwenye papai bivu.

Kifaa chenyewe si kigumu kuunda. Ni fremu ya mbao mfano wa upinde, waya umekazwa kati ya ncha zake, na springi ndogo upande mmoja, kwa maana waya ukipata moto hurefuka na kulegea. Swali linalowatatiza wengi, na ambalo laweza kumtoa mtu roho, ni hili: waya huo upate nguvu wapi?

Hapa tusikilizane vizuri. Usiuunganishe kamwe na soketi ya ukutani. Wapo wanaojiona werevu, wakapitisha stima kwanza kwenye pasi au balbu, eti kupunguza makali. Kweli joto litapungua, lakini zile volti 240 hazijaondoka. Waya uko uchi, tena u mkononi mwako. Ukiugusa umesimama kwenye sakafu ya udongo, mwili wako ndio utakaokuwa njia ya stima kuelekea ardhini.

Fundi wa Ntimaru, kule Kuria Mashariki, hana haja ya kwenda mbali. Betri ya volti 12, iwe ya sola, ya gari au ya bodaboda, yatosha kabisa. Siri ni kuelewa kwamba joto la waya hutokana na unene wake na ampea zinazopita ndani yake.

Waya unaofaa ni wa nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromu ambao Mmarekani Albert Marsh alipewa hataza yake mwaka 1906. Ndio ulio ndani ya koili za jiko la stima na mashine za kukausha nywele. Waya huo ukiwa na unene wa nusu milimita, kila mita moja ina ukinzani wa omu 5.6 hivi. Kata sentimita 80, utapata omu 4.5. Gawa volti 12 kwa 4.5: ni ampea 2.7, yaani wati 32. Kazi itafanyika bila matata. Lakini ukikata sentimita 40, ampea huongezeka maradufu, waya unakuwa mwekundu, na foamu inaungua badala ya kuyeyuka.

Kwa hivyo usihangaike kutafuta betri ya kufaa waya. Kata waya ufae betri. Kama fremu yako ni fupi, unganisha balbu ya taa kubwa ya gari, ya wati 55, katika njia hiyo hiyo ya waya. Hapa hila ya balbu inakubalika, kwani volti 12 hazipigi mtu shoti.

Hata hivyo, betri si ya kuchezea. Ncha zake mbili zikigusanishwa, betri ya gari hutoa mamia ya ampea, na moto waweza kuzuka. Weka fyuzi ya ampea 5 karibu na ncha chanya, kisha swichi. Waya wa breki wa baiskeli usiutumie. Ukinzani wake ni mdogo mno. Na kama betri ni ya bodaboda, yenye ampea-saa 7, fanya kazi saa moja tu. Ukizidisha, kesho yake pikipiki itabidi kupigwa teke.

Foamu hiyo huanza kulainika kwenye nyuzi joto 100 hivi. Ukiona moshi mwingi, moto umezidi. Fanyia kazi nje, mbali na watoto na mama mjamzito. Foamu laini ya godoro ni kitu kingine kabisa: usiiguse kwa waya wa moto, kwani moshi wake waweza kuwa na sianidi, ambayo ni sumu kali.

Mwisho, kumbuka kwamba waya uliopata moto sawasawa haung'ai. Kwa macho ya mtoto ni waya baridi kama mwingine wowote. Mgeni akibisha hodi, zima swichi na uchomoe betri kwanza, ndipo uitikie.