Baina ya Filamu na Filamu: Kiswahili Hupewa Alasiri Moja

Kuna swali moja ambalo sahibu yangu hulichukia kuliko anavyochukia kubishiwa mlango na mwenye nyumba tarehe tano ya mwezi. Swali lenyewe ni hili: "Siku hizi unafanya nini?" Huulizwa na mjomba wake matangani. Huulizwa na waliosoma naye wanapokutana kwenye foleni ya matatu za Rongai. Mwaka jana aliulizwa na mhadhiri wetu mmoja wa zamani ambaye, yamkini, hakukusudia ubaya wowote. Sahibu huyu ni mwanafilamu huru. Amekwisha kutengeneza filamu fupi mbili na moja ya saa nzima. Hiyo ya mwisho ilionyeshwa mara nne, ikapigiwa makofi, kisha ikaingia kabatini. Tangu hapo ni miaka miwili na ushei. Yumo katika kipindi ambacho wenyewe wanapenda kukiita "baina ya kazi", nasi wengine, tukiwa hatupo mbele yao, hukiita kukaa bure.

Makala haya yanahusu kipindi hicho. Huenda msomaji akauliza jarida la wanafunzi wa Kiswahili lina shughuli gani na njaa ya mtu wa kamera. Naomba subira kidogo, kwa maana nakusudia kudai kwamba hatima ya Kiswahili katika filamu zetu huamuliwa katika miezi hiyo hasa, wala si siku ya kupiga picha.

Kwanza nieleze siku zake zinavyokwenda. Nimeishi naye chumba kimoja kwa miezi minane, kwa hivyo sisimulii ya kuambiwa. Jumamosi hupiga picha za harusi. Akipata mbili kwa mwezi hushukuru. Jumatatu hadi Jumatano huhariri kanda za hizo harusi, akimwondoa shangazi aliyesimama mbele ya kamera na kumrejesha bwana harusi aliyekatwa kichwa. Mashirika humwita kurekodi warsha, yaani watu waliokaa hotelini wakisikiliza watu wengine. Shirika moja lilimpeleka safari ya siku sita, likachukua picha zake, likazitumia katika ripoti yake, kisha likamlipa baada ya siku 110. Katika siku hizo 110 aliishi kwa Fuliza na kwa uji. Lenzi yake bora aliikodisha, halafu akaiweka rehani, halafu akaiuza. Ajabu ni kwamba aliyeinunua humwazima anapopata harusi kubwa.

Hayo ni ya mchana. Usiku huandika. Hapa ndipo nataka tukae kitako.

Usiku anaandika nini? Nilidhani anaandika filamu. La hasha! Anaandika maombi ya fedha. Filamu huru katika nchi zetu aghalabu hujengwa kwa fedha za mifuko ya ufadhili, mingi ikiwa Ulaya, na kila mfuko una fomu yake. Huhitaji muhtasari wa nusu ukurasa, muhtasari wa kurasa tano, maelezo ya nia ya mwongozaji, bajeti, mpango wa kuifikia hadhira, na mswada wenyewe. Vyote hivyo kwa Kiingereza, au Kifaransa kwa wale wa huko. Mwenzangu ameuandika upya mswada wake mara 7 katika miaka hiyo miwili. Ni hadithi ya nyanya mmoja wa Kisauni na mjukuu wake anayetaka kwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Wahusika wote ni Waswahili, na hapana hata mmoja ambaye angezungumza Kiingereza jikoni mwake. Hata hivyo, mara zote 7 wamezungumza Kiingereza, tena Kiingereza kizuri kinachozidi kuwa kizuri, kwa sababu msomaji wa kwanza wa mswada huo yuko mbali na hajui Kiswahili.

Na Kiswahili je? Kiswahili kitakuja siku ya mazoezi. Waigizaji watapewa kurasa za Kiingereza na kuambiwa, "Semeni kwa namna yenu." Waigizaji wetu wana vipawa, na mara nyingine huokoa jahazi. Filamu ya *Nairobi Half Life* ya mwaka 2012, ambayo ndiyo ya kwanza kuwasilishwa na Kenya kuwania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni, ina mazungumzo ya Kiswahili na Sheng' yanayotiririka kama maji ya mfereji. Lakini kipawa cha mwigizaji hakipaswi kuwa ndiyo sera ya lugha. Miaka miwili ya kunoa Kiingereza, na alasiri moja ya Kiswahili: hivyo ndivyo tunavyogawa jasho letu, kisha tunashangaa.

Nakiri kosa langu hapa. Nilipokuwa mwaka wa tatu niliandika karatasi ya muhula kuhusu lugha katika filamu moja ya humu nchini. Niliorodhesha tafsiri sisisi, upatanisho wa kisarufi uliovunjika, na methali zilizotiwa vinywani mwa vijana ambao hawangezitamka hata kwa kulazimishwa. Nilipata alama nzuri. Sikujiuliza hata mara moja lugha hiyo iliandikwa lini, na nani, akiwa na nini mfukoni. Mwanafilamu yule sikumtafuta, ingawa ofisi yake ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka bwenini. Wengi wetu tunaoandika tahakiki tuko hivyo: huwasili baada ya karamu kuhesabu sahani zilizovunjika.

Fani ya filamu barani inatufunza kwamba kipindi cha katikati ni kirefu hata kwa mabingwa. Djibril Diop Mambéty wa Senegali alitoa *Touki Bouki* mwaka 1973. Filamu yake ndefu iliyofuata, *Hyènes*, ilitoka mwaka 1992. Miaka 19! Katikati ya hapo, mwaka 1989, alitoa filamu fupi iitwayo *Parlons grand-mère*, na hiyo ilihusu upigaji picha wa filamu ya mtu mwingine, Idrissa Ouédraogo wa Burkina Faso. Haile Gerima, Mhabeshi aliyefundisha Chuo Kikuu cha Howard kwa miongo mingi, alitoa *Sankofa* mwaka 1993. Wasambazaji walipoikataa, yeye na wenziwe wakakodi kumbi wenyewe na kuizungusha mji kwa mji. Hadithi yake kubwa iliyofuata, *Teza*, ilionekana mwaka 2008, na mwaka uliofuata ikatwaa tuzo kuu ya FESPACO huko Ouagadougou. Kati ya hizo mbili kulikuwa na filamu moja ya hali halisi kuhusu vita vya Adwa, kulikuwa na kufundisha, na kulikuwa na duka la vitabu ambalo yeye na mkewe Shirikiana Aina, naye ni mwanafilamu, waliliendesha mkabala na chuo hicho mjini Washington. Duka la vitabu! Mtu akipita pale angeweza kumwuliza siku hizi anafanya nini, na angejibiwa kwamba anauza vitabu.

Ousmane Sembène anatuhusu zaidi sisi wa fasihi. Alikuwa mwandishi wa riwaya kwa Kifaransa kabla ya kushika kamera, na aliishika kwa sababu alitambua kwamba watu aliokuwa akiwaandikia hawakisomi Kifaransa. Mwaka 1968 alitoa *Mandabi*, filamu iliyosema Kiwolofu. Kwa miaka mingi baadaye alikuwa na mradi wa filamu kubwa juu ya Samori Touré. Alifariki mwaka 2007 bila ya kuitengeneza. Kuna vipindi vya katikati visivyokuwa na ng'ambo ya pili.

Karibu na nyumbani tunayo *Vuta N'kuvute*. Adam Shafi aliichapisha riwaya hiyo mwaka 1999. Amil Shivji wa Tanzania alitoa filamu iliyotokana nayo mwaka 2021, ikaonyeshwa kwanza Toronto. Filamu yake ndefu iliyotangulia, *T-Junction*, ilikuwa ya mwaka 2017. Naitaja kwa sababu ni nadra. Hapa mwongozaji aliingia katika kipindi cha katikati akiwa na riwaya ya Kiswahili mkononi, riwaya ambayo mwandishi wake alikwisha kuwafanyia kazi akina Yasmin na Denge: walikuwa na ndimi zao kabla hajaja mtu wa kamera. Sidai kwamba kila filamu itokane na riwaya. Nasema tu kwamba tofauti husikika.

Wapo watakaonipinga, na nimekwisha kuwasikia katika baraza letu la Alhamisi. Mmoja alisema kwamba mchagua jembe si mkulima: aliyetaka mshahara angesomea ualimu. Sikatai kwamba sahibu yangu alichagua. Pia sikatai kwamba wapo wanaojificha nyuma ya "baina ya kazi" miaka nenda miaka rudi, wakiwa na kofia ya mwongozaji na hawana hata ukurasa mmoja. Lakini hoja hiyo inamhusu yeye na mjomba wake. Haijibu swali langu kuhusu lugha. Mwingine, mwalimu ninayemheshimu sana, alisema tuwaige watu wa Riverwood, wale wa River Road waliotoa filamu harakaharaka kwa bajeti ndogo na kuziuza kwa kanda na visahani, bila ya kumsubiri mfadhili yeyote. Kweli, Mwalimu. Tena wale walianza na lugha ya wanunuzi wao, Kikuyu mara nyingi, na ndiyo maana walisikika. Lakini uharamia uliwanyonya, na soko lao lilikuwa la vichekesho kuliko la hadithi ndefu. Mtu hawezi kutengeneza kila aina ya filamu kwa wiki mbili, kama ambavyo hakuna anayetutaka tuandike tasnifu kwa wiki mbili (ingawa wasimamizi wetu wengine wangefurahi).

Serikali nayo ipo. Tume ya Filamu ya Kenya iliundwa mwaka 2005. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inayomtaka mtu awe na leseni kabla ya kupiga picha, ilirithiwa kutoka mwanzoni mwa miaka ya sitini. Mengi yamesemwa juu ya hayo na wanaoyajua kuniliko, kwa hivyo nayapita.

Mimi nasema na idara zetu. Katika kozi tunazosoma, tamthilia ina nafasi yake, riwaya ina yake, ushairi una zaidi ya nafasi yake. Mswada wa filamu hauna kiti. Tunaichambua filamu iliyokamilika kama matini, lakini hatumfundishi mtu kuandika mazungumzo yake, na mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuwasilisha mswada wa filamu kwa Kiswahili kama mradi wake huambiwa achague "mada ya kiakademia". Nimeambiwa hivyo mwenyewe. Wakati uo huo kuna wanafilamu mjini humu wanaoshinda miezi kumi na minane na mswada wa Kiingereza wakingoja jibu la barua pepe. Sisi tuna lugha na hatuna hadithi. Wao wana hadithi na hawana wa kukaa nao na lugha. Sioni ugumu wa kumpeleka mwanafunzi mmoja wa mwaka wa nne kwa mwanafilamu mmoja kwa muhula mmoja, kama wanavyopelekwa wenzetu kufundisha shuleni, wakaketi na mswada ule wakati ambapo hakuna anayeuharakisha. Siku ya kupiga picha imekwisha kuchelewa. Mwanga unakimbia na jenereta limekodiwa kwa saa.

Hatutapata fedha kwa hilo, wala mwanafilamu hatapata. Sitaki kumdanganya mtu. Kodi ya nyumba itabaki palepale, na harusi za Jumamosi zitabaki kuwa ndizo mhisani wake mkuu.

Alhamisi iliyopita, badala ya kwenda barazani, nilibaki chumbani. Tuliutandaza mswada sakafuni, toleo la 7, na kuanza kuuandika kwa Kiswahili kuanzia ukurasa wa kwanza, bila ya kumwuliza mfadhili. Tuliendelea vizuri hadi onyesho la bandari ya ndege, ambapo nyanya anamuaga mjukuu wake. Kwa Kiingereza anamwambia kwamba anajivunia yeye. Sahibu yangu aliandika "Najivunia wewe." Nikamwambia nyanya wa Kisauni hasemi hivyo. Akaniuliza asemeje basi. Mimi mtu wa bara, mwenye shahada ya Kiswahili na nusu ya nyingine, nilinyamaza. Tulipika chai. Tulijaribu "Hongera", tukaona ni ya mahafali. Tulijaribu "Nimefurahi", ikawa baridi. Saa tano za usiku nilimpigia simu mama mmoja wa Mombasa aliyewahi kunikaribisha kwake nikifanya utafiti, nikamweleza nyanya, mjukuu, Ghuba na uwanja wa ndege. Hakufikiri hata nukta moja. "Atamwambia, umenitoa kimasomaso, mwanangu. Halafu hatasema tena. Atamtengeneza buibui lake, basi."

Sahibu yangu aliandika yote mawili, maneno na buibui. Kisha akakata mistari sita iliyofuata, maana haikuwa na kazi tena. Kule kwenye mswada wa Kiingereza mistari hiyo imo bado. Tarehe ya mwisho ya kuutuma ni mwezi ujao. Nyanya hajapata mwigizaji.