Mtandao wa redio uipe Newala saa yake

Redio kubwa za biashara zenye studio Dar es Salaam zinasikika Newala na Masasi, na zinapoiuzia kampuni ya simu au ya kubeti nafasi ya tangazo, msikilizaji wa Mtwara yumo kwenye hesabu. Sisi tunasema deni linatokana na hesabu hiyo. Kila mtandao wa redio unaorusha matangazo hadi uwanda wa Makonde uzipe wilaya hizi saa moja kwa siku. Saa hiyo itengenezwe huku, isikike huku, na ianze na msimu wa korosho unaokuja.

Anayeamka Kitangari, hapa Newala, alfajiri akawasha redio ataambiwa foleni ya Barabara ya Morogoro imeanzia Kimara. Atasomewa magazeti, atasikia Simba imemsajili nani na Yanga inamtaka nani, kisha nyimbo zilizotoka juzi. Hatuna ugomvi na hayo. Simba na Yanga zina wapenzi Newala kama zilivyo nao Kariakoo, na wanachuo wa Chuo cha Ualimu Kitangari wana haki ya kuusikia wimbo mpya siku ileile unapotoka. Ila mkulima aliyewasha redio hiyo ana maswali yake. Salfa imefika kwenye chama cha msingi au bado? Ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, umeonekana vijiji gani? Mnada wa jana bei ya juu ilikuwa ngapi na ya chini ngapi, na malipo ya mnada wa kabla ya huo yameingia benki? Leo anajibiwa na dereva wa bodaboda, au na mnunuzi wa kangomba mwenyewe, anayenunua nje ya mnada, mtu ambaye faida yake yote inatokana na mkulima kutojua bei.

Turudi Oktoba 2018. Wakulima wa Newala na Tandahimba walikataa kuuza korosho mnadani kwa sababu bei zilizoletwa na wanunuzi zilikuwa chini mno. Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kusomba mzigo. Kisha ukaja uhakiki wa mashamba na wa majina, na kusubiri malipo kwa miezi. Kwa muda wote ule wilaya hizi zilikuwa habari kubwa ya taifa. Redio za Dar es Salaam zilizungumza sana kuhusu mkulima wa korosho. Kuzungumza naye ni kazi nyingine: kumweleza mtu wa Kitangari kwa nini jina lake limerukwa kwenye uhakiki, aende ofisi gani, abebe karatasi gani. Kazi hiyo haifanywi na mtangazaji aliyeko Mikocheni, hata awe hodari namna gani, kwa kuwa majibu yako kwenye ghala na kwenye chama cha msingi, na lazima mtu aende akayachukue.

Hatuandiki haya kwa kuzibeza redio za biashara. Sheria ya utangazaji ya 1993 ndiyo iliyofungua mlango baada ya Radio Tanzania kuwa peke yake hewani kwa miongo, na waliopita katika mlango huo wameitendea nchi mambo makubwa. Radio One ilianza 1994. Clouds FM, iliyotokana na disko la kina Joseph Kusaga, ilianza 1999, na chini ya marehemu Ruge Mutahaba ilimfanya kijana wa uswahilini aamini kwamba kuimba ni kazi. Bongo fleva ilikuzwa na redio hizi kabla kampuni yoyote ya nje haijaijali. Wenye uwezo wa kukuza muziki wa taifa zima hawashindwi na saa moja ya Newala.

Tutaambiwa haiwezekani kitaalamu: sauti inatoka studio, inapanda setilaiti, inashuka kwenye mitambo ya mikoani, wote wanasikia kitu kimoja. Nchi hii ilikwisha kulijibu hilo. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa redio wa Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Watafiti walitaka eneo moja lisiusikie, ili waweze kupima kama mchezo unabadilisha watu. Likachaguliwa eneo la mtambo wa Dodoma. Kwa miaka miwili, saa ya mchezo ilipofika, Dodoma ilijitoa kwenye matangazo ya taifa na kurusha vipindi vyake, kisha ikarudi. Hiyo ilikuwa enzi ya kanda za sumaku, kabla ya simu za mkononi kuenea. Leo kompyuta moja ndogo kwenye mtambo inafanya kazi hiyohiyo, na kipindi kinaweza kutumwa kwa intaneti kutoka chumba kimoja hapa Newala. Kinachokosekana ni nia ya kulipa mishahara ya watu wawili.

Wala wazo la redio kujipanga pamoja na vijiji halijatoka nje. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu takriban milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, wakiwa na vitabu na viongozi wa vikundi waliofundishwa. Kipindi kikiisha, watu walijadiliana, wakatoka kuchimba vyoo. Studio ilikuwa Dar es Salaam, lakini kazi ilipangwa hadi kijijini.

Mtindo wa studio moja kwa miji mingi umejaribiwa kwa upana zaidi Marekani. Sheria ya 1996 iliondoa ukomo wa idadi ya stesheni ambazo kampuni moja inaweza kuwa nazo nchi nzima, na Clear Channel ikafikia zaidi ya 1,000: za rock, za country, za mazungumzo. Orodha za nyimbo zikaanza kupangwa mbali, na mtangazaji akarekodi sauti yake katika mji mmoja kwa ajili ya mji ambao hajawahi kuukanyaga. Usiku wa Januari 18, 2002, treni iliyobeba amonia iliacha reli karibu na Minot, mji mdogo wa North Dakota ambako kampuni hiyo ilikuwa na stesheni 6. Mtu mmoja alifariki, mamia wakatibiwa kwa kuvuta hewa ile. Polisi walipiga simu redioni ili watu waonywe, hawakumpata mtu. Kampuni ilisema kosa lilikuwa kwenye vyombo vya tahadhari vya polisi wenyewe, na mabishano hayo yaliendelea miaka. Kwa wakazi, usiku ule muziki uliendelea kupigwa.

Sisi tumeikaribia hatari ya namna hiyo. Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja, Mtwara ilitahadharishwa, shule na ofisi zikafungwa, watu wa mabondeni wakaambiwa wahame. Tarehe 25 kikapiga Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Kingegeuka kidogo tu kuelekea kaskazini, watu wa kata zetu wangehitaji kuambiwa kwa majina: kijiji kipi kihame, shule ipi imefunguliwa kupokea watu, barabara ipi haipitiki. Majina hayo anayajua mtu anayeishi hapa.

Tuje kwenye muziki, maana mtandao wa redio ya biashara unaishi kwa nyimbo. Nairobi ilipata kuwa na X FM, redio ya rock tupu, na iliwezekana kwa sababu jiji lile lina watu wa kutosha wenye pesa na mapenzi ya muziki huo kiasi cha kumvutia mwenye tangazo. Newala haina soko la namna hiyo, na hatuombi stesheni ya sindimba kutwa kucha. Tunasema orodha ya nyimbo inayopangwa Dar es Salaam kwa masikio ya Dar es Salaam ina mlango mmoja tu wa kuingilia. Harmonize, mwana wa mkoa huu wa Mtwara, aliingia kwa mlango huo, na leo jina la Konde linatajwa kila redio Afrika Mashariki. Tunajivunia. Lakini ilimbidi ahamie Dar es Salaam kwanza. Wapiga ngoma wa mapiko na sindimba, akina mama wanaoimba kwenye sherehe za unyago baada ya mavuno, vikundi ambavyo tamasha la MaKuYa limevipandisha jukwaani Mtwara, hawawezi kuhama na kijiji kizima. Wakirekodiwa na kupigwa hewani jioni moja kwa wiki, wasikilizaji watapatikana: wamejaa tele kwenye ngoma zenyewe.

Na hapa kuna pesa. Januari 2022 COSOTA, taasisi ya hakimiliki, ilianza kugawa mirabaha ya nyimbo zinazopigwa redioni na kwenye televisheni, takriban shilingi milioni 312. Wimbo usiopigwa haulipwi. Kwa hiyo orodha ya nyimbo ya mtandao wa redio inaamua pia shilingi zinaenda mkoa gani. Kikundi cha ngoma cha Kitangari ambacho hakijawahi kupita kwenye redio yoyote, tena hakijasajiliwa COSOTA kwa sababu hakuna aliyekwenda kukieleza, hakimo kwenye mgawo huo kabisa. Maofisa utamaduni wa halmashauri zetu nao wana lao la kujibu hapo.

Lugha isitumike kama kisingizio. Kanuni zinataka matangazo yawe kwa Kiswahili au Kiingereza, na sisi hatuna tatizo nazo. Mtangazaji wa Newala atasema Kiswahili, na watu watamwelewa vizuri kuliko wanavyomwelewa yule wa mjini mwenye kuchanganya Kiingereza kila sentensi. Wimbo wa ngoma uimbwe kwa Kimakonde, Kimakua au Kiyao, kisha mtangazaji aseme kwa Kiswahili unahusu nini. Kama panahitajika kibali, kiombwe.

Mitandao isidhani pia kwamba italazimika kuanza kutoka sifuri. Radio Fadhila iko Masasi. Jamii FM iko Naliendele, jirani na kituo cha utafiti ambacho ndicho kinachojua korosho kuliko wote nchini. Redio hizi ndogo zina waandishi wanaozijua njia za vijijini, na zinahangaika na umeme, mafuta ya jenereta na posho. Mtandao mkubwa unaweza kununua kipindi kutoka kwao kwa bei ya haki. Tunasisitiza bei. Kuchukua kazi ya mwandishi wa redio ya jamii na kumlipa kwa kumtaja jina hewani ni kumdhulumu.

Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, inayo nafasi ya kulisukuma hili. Inatoa leseni za ngazi ya taifa, mkoa na wilaya, na leseni zina muda wake. Mwenye leseni ya taifa anapokuja kuihuisha, aulizwe: kwa mwaka mzima umerusha saa ngapi zilizotengenezwa nje ya Dar es Salaam, na wapi? Jibu liandikwe na litangazwe. Vyama vikuu vya ushirika, TANECU na MAMCU, navyo vifike mezani, kwa kuwa vinazo bei za minada na vinahitaji mahali pa kuzisema siku ileile.

Minada hufunguliwa Oktoba. Kuna muda wa kukodi chumba, kumwajiri mwandishi mmoja na fundi mmoja, na kupatana na vyama vya msingi kuhusu nani atapiga simu mnada ukifungwa. Mtandao wa kwanza kusoma bei ya Newala saa 12 jioni, kwa sauti ya mtu aliyekuwepo mnadani, utakuwa na wilaya nzima.